Bei ya Kuwahi

Siku ya Simba na Yanga, Barabara ya Kilwa huamka mapema kuliko kawaida yake. Kuanzia Mbagala hadi Mtoni kwa Aziz Ali, jezi nyekundu na jezi za njano zimeshajaa vituoni kabla chai ya asubuhi haijapoa, na mechi yenyewe ni ya jioni. Kutoka Mtoni hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa si mbali. Kijana mwenye miguu yake hukata mitaa ya Temeke akafika bila kupanda gari. Hata hivyo anaondoka asubuhi. Tiketi yake ni ya mzunguko, na huko hakuna anayewekewa kiti. Aliyewahi ndiye anayechagua.

Jirani yake, wa mtaa huohuo, amekata VIP B. Huyo ataoga, atakula chakula cha mchana, atajinyoosha kidogo, na saa kumi kasoro ndipo atakapofunga mlango wake. Wote wawili wataona mabao yaleyale. Katika mechi nyingi za miaka ya karibuni mzunguko umekuwa Sh 5,000 na VIP B Sh 20,000, kwa hiyo kati yao kuna Sh 15,000. Ukiwauliza wamenunua nini, mmoja atasema amenunua mpira, na mwingine, akisema kweli, atakiri kwamba amenunua asubuhi yake.

Swali la kama kiti cha bei kubwa kinafaa gharama yake ni la zamani hapa Dar es Salaam, la zamani kuliko uwanja huo na hata kuliko uhuru. Limeulizwa kwenye madirisha ya tiketi za sinema, kwenye milango ya kumbi za taarabu na maigizo, na kwenye vibanda vya video. Na kila zama limejibiwa tofauti, kwa sababu kiti kinachouzwa kina mambo mengi ndani yake: paa, mto wa kukalia, jirani, heshima, na saa za mtu.

Ughaibuni nako walianza hivyohivyo. Thomas Platter, msafiri kutoka Basel nchini Uswisi, alifika London mwaka 1599 akaandika jinsi watu walivyolipia maigizo. Peni moja ilimruhusu mtu kusimama uani, bila kitu juu ya kichwa chake. Akitaka kukaa, aliongeza peni ya pili kwenye mlango mwingine. Peni ya tatu ilimpa mto wa kukalia na mahali pazuri zaidi, ambapo angeona kila kitu na yeye mwenyewe kuonekana. Hilo la kuonekana Platter hakulificha, na yeyote aliyewahi kuhudhuria taarabu Temeke hahitaji kufafanuliwa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilianza kuuza viti kwa madaraja sinema ilipoingia. Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa akionyesha picha Unguja ndani ya hema kabla ya kufungua Royal mwaka 1921, ukumbi wa kudumu uliochorwa na John Sinclair, Mwingereza ambaye mkono wake unaonekana katika majengo mengi ya Mji Mkongwe. Katika kumbi za namna hiyo hapakuwa na sheria ya kumwambia Mwarabu akae huku na Mswahili kule. Bei ndiyo iliyogawa watu. Viti vya mbele, karibu kabisa na pazia, vilikuwa vya bei ya chini. Kadiri mtu alivyorudi nyuma ndivyo alivyolipa zaidi, na kilele kilikuwa ghorofani.

Mpangilio huo una sababu ya mwili. Anayekaa mbele ya pazia kubwa huinua shingo saa mbili na nusu, na macho yake hayawezi kuishika picha nzima kwa pamoja. Akimwangalia staringi upande wa kulia, adui anayenyemelea kushoto anampita. Ghorofani picha yote inaingia jichoni, shingo imetulia, na hakuna kichwa cha mtu mbele. Kwa hiyo kwenye sinema pesa ya ziada ilinunua kuona kweli. Katika historia yote ya viti vya Dar es Salaam hapo ndipo bei na macho vilipokubaliana zaidi.

Lakini hata hapo macho hayakuwa peke yake. Viti vya mbele vilikuwa na watu wake: vijana waliojua nyimbo za picha za Kihindi bila kujua Kihindi, waliomwonya staringi kwa sauti, waliopiga miluzi ngumi ya kwanza ilipotua. Ilipokuja Awaara ya Raj Kapoor, picha ya mwaka 1951, na baadaye Mother India ya mwaka 1957, watu walirudia kuziangalia hadi wakazijua kwa moyo. Mtu aliyekaa ghorofani na familia yake alilipa ili awe mbali na kelele hizo. Kijana wa mbele naye, kama angepewa kiti cha ghorofani bure, huenda angekaa humo kipande kimoja tu, kisha baada ya intavo akateremka kuwafuata wenzake. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili haujui kuangalia picha.

Tanganyika ilikuwa na kizuizi kingine juu ya bei. Katika miaka ya ukoloni bodi ya ukaguzi iliweza kuipitisha picha kwa watazamaji wengine na kuizuia isionyeshwe kwa Waafrika, kwa hofu kwamba Mwafrika akimwona Mzungu mwizi au mlevi kwenye pazia angeacha kumheshimu yule wa ofisini. Mtu angeweza kuwa na pesa ya ghorofani mfukoni na bado akakataliwa mlangoni. Wenye kumbi, wengi wao Wahindi, hawakuipenda kanuni hiyo, kwa kuwa kila aliyerudishwa mlangoni alikuwa kiti kilichobaki kitupu.

Kumbi nyingi zilikuwa mjini: Empire, Avalon, Empress, Azania, Cameo, Odeon. Majina hayo bado yanawatoa tabasamu wazee wa Dar. Wateja wao wengi walikuwa wakiishi ng'ambo ya Mnazi Mmoja, huko Kariakoo na Ilala, na kuanzia miaka ya 1950 katika nyumba mpya za Temeke na Magomeni. Mtoni ilikuwa mbali zaidi bado, kilomita sita au saba kutoka katikati ya mji, penye vijiji na mashamba kando ya mkondo wa bahari. Jina la kituo chake maarufu linamkumbuka Aziz Ali, mkandarasi wa zama hizo, baba yake Dossa Aziz aliyeisaidia TANU kwa mali yake wakati chama hakina kitu.

Mtu wa Mtoni alipopiga hesabu ya picha, hakuanza na kiti. Alianza na safari. Nauli ya kwenda ilikuwa lazima. Ya kurudi ilitegemea kama picha ingeisha kabla basi la mwisho halijaondoka. Picha ya usiku ilitoka karibu na saa sita, na aliyelikosa gari alirudi kwa miguu gizani, viatu mkononi, akipitia Keko na Chang'ombe. Ukiweka nauli mbili na kiingilio cha mbele pamoja, ungepata bei ya mtu wa mjini aliyekaa katikati ya ukumbi. Kwa wakazi wa pembezoni daraja la chini halikuwa daraja la chini. Jambo hili husahaulika kila bei ya tiketi inapolinganishwa bila kuuliza mteja ametoka wapi.

Halafu palikuwa na Jumapili. Kwa familia za Kihindi, katika miji yote ya pwani, Jumapili jioni ilikuwa siku ya kwenda sinema kama ilivyo siku ya kwenda harusini: nguo mpya, maua kwenye nywele, salamu za nusu saa nje ya ukumbi. Picha kubwa ikija, tiketi ziliisha, na hapo ndipo walanguzi walipopata riziki. Vijana walipanga foleni mapema, wakanunua tiketi nyingi kadiri walivyoweza, kisha wakaziuza nje kwa bei ya juu kwa baba aliyefika amechelewa na mke na watoto wanne nyuma yake.

Waliitwa wezi, na mara kwa mara polisi waliwafukuza. Lakini tazama walichokuwa wakiuza. Kiti kilikuwa kilekile na bei yake ya dirishani ilijulikana. Walichoongeza ni saa tatu za kusimama juani, na yule baba alizinunua kwa hiari kwa sababu saa zake mwenyewe zilikuwa dukani. Kijana wa mlangoni alikuwa na muda na hakuwa na pesa. Mteja wake alikuwa na pesa na hakuwa na muda. Biashara ya viti vya bei kubwa haijawahi kuelezwa wazi zaidi ya hapo.

Mwaka 1966 Dar es Salaam ikapata sinema ya magari, Drive-In, huko Msasani. Hapa kiti kilikuwa gari lenyewe. Familia ziliegesha zikifungua masufuria na vikapu, watoto wakilala kwenye kiti cha nyuma kabla picha haijafika katikati. Kwa mtu wa Temeke asiye na gari, Msasani ilikuwa nchi nyingine. Eneo hilo sasa ni Ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo baada ya ule wa awali kulipuliwa mwaka 1998, na vijana wanaopita Barabara ya Bagamoyo ya Zamani hawana alama yoyote ya kuwaonyesha kwamba baba zao waliwahi kula kababu pale wakimwangalia Dharmendra.

Sinema za mjini zilififia polepole. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo ilizigusa baadhi ya nyumba zao, na uingizaji wa filamu ukawekwa chini ya kampuni ya umma, Tanzania Film Company, iliyoundwa mwaka 1968. Bruce Lee bado alijaza kumbi na Enter the Dragon ya mwaka 1973. Lakini fedha za kigeni zilipokauka picha mpya zilipungua, mikanda ikachakaa kwa kurudiwarudiwa, viti vikachanika, na mafeni yakaacha kuzunguka. Katika hali hiyo kulipia ghorofani kulikosa maana, kwa kuwa joto nalo lilipanda huko juu. Miaka ya 1980 ikaja video, na Tanzania Bara, iliyokaa bila televisheni hadi mwaka 1994, ikazipokea kanda kwa njaa kubwa.

Maigizo ya jukwaani yalipita njia nyingine kabisa. Oysterbay palikuwa na Little Theatre, jumba dogo la Wazungu lenye safu za viti na msimu wake wa michezo, na mtu wa Mtoni alilijua kwa kusikia. Kwa upande wa Kiswahili, Julius Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein akachapisha Kinjeketile. Chuo Kikuu kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu 1967, na serikali ilikuwa na vikundi vyake vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo hadi vilipovunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981. Kilichokosekana ni jumba kubwa la kuuza kiti kwa safu na kwa namba, kama ilivyo London au hata Nairobi, ambako Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952.

Kenya ndiko pia ulikotokea mfano wa kinyume. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa wa watu wapatao 2,000 ili waigize Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wote walikaa chini ya anga moja. Serikali iliusimamisha mchezo baada ya wiki chache, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Dar es Salaam haikujenga Kamiriithu, ila ilipata kitu chake: maigizo ya baa. Norbert Chenga alianzisha kikundi cha Muungano mwaka 1980, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 kikapata mpinzani wa kweli, Tanzania One Theatre (TOT) ya CCM, chini ya Kapteni John Komba. Vikundi hivi havikwenda Oysterbay. Vilikwenda walipo watu: kumbi za Kinondoni, Ilala, Temeke, Manzese, na nyua za baa zilizozungushiwa ukuta na kuwekwa viti vya plastiki. Onyesho moja lilianza alasiri likaisha usiku, na ndani yake mlikuwa na ngoma, kwaya, sarakasi, ngonjera, vichekesho, igizo refu lenye mafunzo, na taarabu.

Kiingilio kilikuwa kimoja. Mama ntilie, karani wa bandari na mke wa mfanyabiashara walitoa pesa ileile mlangoni, wakaingia kwenye viti vilevile vyeupe vinavyoyumba mguu mmoja. Juu ya karatasi huu ndio usawa ambao sinema haikuwa nao. Lakini kaa humo jioni moja uone usawa huo unavyojipanga upya wenyewe. Akina mama wa kwanza kufika walichukua safu ya mbele, wakaweka kanga au mkoba kwenye viti vya wenzao ambao bado walikuwa wakipika nyumbani. Aliyekuja saa moja usiku alikuta mbele pote pana wenyewe ingawa hapajakaliwa na mtu, na kubishana na kanga ya mwanamke wa Temeke ni jambo ambalo wanaume wengi waliliacha baada ya jaribio la kwanza.

Mbele ya taarabu hapafanani na mbele ya sinema. Kwenye sinema mbele ni pa mtu asiye na uwezo. Kwenye taarabu ni pa mwenye jambo lake. Miaka ya 1990 wakati Khadija Kopa yuko TOT na Nasma Khamis Kidogo yuko Muungano, mipasho yao ilisikilizwa kama barua. Mwimbaji aliimba, na mwanamke aliyeona maneno yanamhusu hasimu wake aliinuka, akacheza taratibu hadi jukwaani akiwa na noti mkononi, akamtuza, akarudi kwa mwendo uleule akimtazama anayemkusudia. Jambo zima hutegemea umekaa wapi. Aliye nyuma ana safari ndefu kati ya meza, taa hazimfikii, na ubeti wenyewe unaweza kwisha hajafika. Aliye mbele anainuka, hatua nne, ukumbi mzima umemwona.

Kwa hiyo kiti cha mbele kilikuwa na bei, ila haikulipwa mlangoni. Ililipwa kidogokidogo, noti baada ya noti, na kwa nguo ya kushonesha, kwa sare ya kundi, kwa nywele za saluni. Mwanamke aliyekaa mbele usiku mzima bila kuinuka alionekana amewazibia wengine njia. Waliopiga hesabu mapema walijua kwamba kiingilio ni sehemu ndogo tu ya gharama za jioni, na wengine walichagua nyuma kwa makusudi, karibu na mlango na mbali na spika, wasikie maneno yote bila kulipa deni la kuonekana. Spika nazo ni jambo la kuzingatia. Kiti kilicho mita mbili kutoka kwenye rundo la spika za taarabu ya kisasa humpa mtu mdundo kifuani lakini kinamnyima maneno, na mipasho bila maneno ni kelele tu.

Desturi hii ilitoka visiwani. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ikipiga taarabu mbele ya watu waliokaa kwa utulivu, na kutuza kulikuwa na adabu yake. Bara ilichukua kutuza ikakuongezea kasi. Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yusuf ilipojaza kumbi miaka ya 2000, ukumbi wa Travertine pale Magomeni ulikuwa na mwendo huohuo, isipokuwa sasa wenye kumbi walianza kuuza rasmi kile ambacho zamani kanga ilikihifadhi bure: meza za mbele zikapewa jina la VIP na bei yake.

Hilo limekuwa kawaida ya mji. Vichekesho vya jukwaani, usiku wa muziki, tamasha la ukumbi wa Dar Live pale Mbagala Zakhem, yote yana kawaida, VIP, na pengine VVIP, na meza nzima inauzwa kwa kundi la watu. Kinachouzwa kinajulikana: hutapanga foleni, kiti chako kinakusubiri, kinywaji kitakufuata. Mchekeshaji ni yuleyule. Na katika vichekesho kuna hatari ya nyongeza, kwamba mwenye kiti cha mbele ndiye anayegeuzwa kuwa kichekesho, jambo ambalo wenye aibu wangepaswa kulijua kabla ya kulipia.

Kwa upande wa chini kabisa wa ngazi kimesimama kibanda umiza. Jina lenyewe linasema: mabati juu, mabenchi ya mbao chini, miili imebanana, joto. Uswahilini kote, Mtoni ikiwemo, vibanda hivi ndivyo vilivyorithi watazamaji wa Avalon na Odeon. Filamu za Hong Kong na za Marekani zilionyeshwa huku zikisimuliwa kwa Kiswahili, kazi ambayo Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliifanya iwe sanaa. Benchi halina daraja. Lakini hata hapo kuna jiografia inayojulikana na wazoefu: benchi la ukutani lina mahali pa kuegemea mgongo, la mlangoni lina upepo, na la mbele ni la watoto. Ligi ya Uingereza ilipoingia kwenye vibanda, na Azam TV ilipoanza kurusha ligi ya nyumbani, mwenye benchi la ukutani siku ya mechi kubwa alikuwa mtu aliyefika saa moja kabla.

Ndipo tunarudi uwanjani, maana Temeke ndiyo wilaya yenye viti vingi vya kuuzwa kuliko mahali pengine popote nchini.

Uwanja wa zamani, unaoitwa sasa Uhuru na ambao wenyeji waliuita Shamba la Bibi, ndio uliopandishiwa bendera ya Tanganyika usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kwa miongo minne na zaidi mashabiki walikuwa na chaguo moja rahisi. Jukwaa kuu lilikuwa na paa. Mzunguko ulikuwa wa ngazi za saruji na anga. Aliyelipa zaidi alinunua kivuli, na wakati wa masika alinunua ukavu. Dar es Salaam ya mwezi Februari, saa tisa alasiri, kwenye saruji iliyochomwa na jua tangu asubuhi, tofauti hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Kama kuna bei ya kiti ambayo haihitaji kutetewa, ni ya paa.

Uwanja mpya ulipofunguliwa mwaka 2007, ukiwa na viti 60,000 na kujengwa na Wachina, paa likawa la wote na kila mtu akapata kiti. Kile kilichokuwa kikiuzwa tangu 1961 kikawa cha bure. Bei ikabidi itafute kitu kingine cha kusimamia, ikasimama juu ya rangi. Kwa miaka mingi matangazo ya viingilio yalisomwa redioni kama aya: viti vya bluu na kijani, kisha viti vya rangi ya chungwa, kisha VIP C, VIP B, VIP A. Siku hizi rangi zimefupishwa, na tangazo husema mzunguko na VIP zake. Jina la uwanja nalo lilibadilika Julai 2020, alipofariki Benjamin Mkapa, rais aliyeuanzisha ujenzi huo.

Kwa macho tu, kulipa zaidi hapo kuna kasoro. Uwanja una njia ya kukimbilia riadha kati ya majukwaa na nyasi, kwa hiyo aliye chini, hata awe katika daraja la juu, anaangalia mchezo kwa mbali na kwa ubapa: wachezaji wanafunikana, na mpira wa upande wa pili unakisiwa. Aliye juu, hata kwa Sh 5,000, anaona timu nzima imetandazwa kama bao, anaona beki wa kulia amepanda na nafasi aliyoiacha nyuma. Makocha wenyewe wangependa kukaa huko. Ubora wa VIP ni wa mambo mengine, kama upana wa kiti, choo kisicho na foleni, maegesho, na watu wanaokuona umekaa nao.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo si ya anasa. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga ilicheza na USM Alger mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kwenye msongamano wa kuingia uwanjani mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wengi wakajeruhiwa. Waliobanwa namna hiyo si wenye VIP A. Tiketi za kielektroniki, ambazo sasa zinapitia kadi ya N-Card ileile inayotumika kwenye kivuko cha Kigamboni, zimepunguza tiketi bandia na ulanguzi wa getini, lakini hazijampa mtu wa mzunguko kiti chake mwenyewe. Teknolojia inajua amelipa. Haijui atakaa wapi. Namba ya kiti ingewezekana kuchapishwa kwenye kila tiketi kesho asubuhi, na kama wasimamizi wangeiheshimu, maelfu ya watu wasingekuwa na sababu ya kujikusanya getini saa saba kabla ya mpira. Hilo ni deni kwa mashabiki wanaolipa kidogo, ambao kwa wingi wao ndio wanaoujaza uwanja.

Klabu, kwa upande wake, zimeshaelewa kinachonunuliwa. Simba kwa mechi kubwa imekuwa ikiuza tiketi za daraja la Platinum zikiwa na usafiri na huduma nyingine ndani yake. Wanunuzi hukusanywa na kupelekwa. Ni kazi ya yule mlanguzi wa Jumapili, ila sasa ina jezi na risiti.

Mtoni, asubuhi ya mechi, hesabu hufanywa kibarazani. Nauli kwa wengi ni sifuri, na hilo ni jambo ambalo babu zao waliotembea usiku kutoka Avalon hawakulipata. Chakula cha uwanjani ni ghali, kwa hiyo mtu anashiba nyumbani. Wanakubaliana geti, kwa sababu kila klabu ina upande wake na hakuna bei inayoweza kumkalisha mtu wa Yanga kwa raha katikati ya Simba. Wawili wanatangulia. Kazi yao ni kushika viti vya wenzao sita, safu za juu, usawa wa mstari wa kati, na mmoja wao amebeba kanga ya mama yake begani.

Saa nane mchana mzunguko umeshafunikwa na rangi mbili kiasi kwamba viti havionekani. Ngoma zinapigwa, karanga zinapita mkono kwa mkono, kanga imelazwa juu ya viti sita na wenyewe bado wako njiani. Upande wa VIP A viti vipana vimepangwa safi, vitupu, na vitabaki hivyo kwa saa mbili nyingine.